Masikio ya Mama Laini

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Laini alikaa kwenye swichibodi ya wizara akiunganisha simu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa ajili ya maneno yake, "Subiri kwenye laini," ambayo aliyasema hata nyumbani mtu akibisha hodi. Wakubwa aliwatambua kwa kukohoa kwao tu.

Alipostaafu, masikio yakaanza kumtupa mkono. Mwanzoni aliwalaumu watu, kwamba siku hizi kila mtu ananong'ona. Kisha akawa anajibu asichoulizwa. Mkwewe akimwambia, "Mama, chai imepoa," yeye anauliza, "Nani ameolewa?" Nyumba nzima inacheka, naye anacheka nao. Lakini kidogo kidogo aliacha kwenda kwenye vikao vya ukoo, na redio yake akaifunika kitambaa.

Hospitali hakwenda. Aliamini bima ya serikali iliishia siku aliyokabidhi funguo za ofisi.

Asubuhi moja alikutana sokoni na mstaafu mwenzake, aliyekuwa dereva wa wizara. Bwana yule akachomoa kadi mfukoni, akamsogelea sikioni na kupaza sauti: "Dada, wastaafu tumo!"

"Tumo wapi?"

"Kwenye bima! Wewe na shemeji! Mimi wamenitoa mtoto wa jicho, sasa nasoma gazeti bila miwani!"

Vitunguu aliviacha palepale kwenye mizani. Alifika nyumbani akihema, akapekua kabati zima mpaka akaiona barua ya kustaafu na cheti cha ndoa, kisha akamgeukia mumewe.

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Vaa kwanza!"

Ofisi ya bima ilikuwa na dirisha la wastaafu peke yao. Karani akapokea makaratasi, akamtaka aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Alama zilikuwa zimefifia. Akajiona anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Karani akampa kitambaa chenye maji apanguse vidole, akamwambia, "Jaribu gumba la kushoto, mama." Taa ya kijani ikawaka. Mama Laini akapiga kigelegele, na foleni nzima ikampigia makofi.

Wiki iliyofuata alikuwa hospitali, ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, akibonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Mara nyingi hakusikia kitu, akabaki amekodoa macho. Alipotoka, mtaalamu wa masikio alimwandikia kwenye karatasi: *Hayajafa, yamechoka. Utapata vifaa viwili vya kusikia. Bima inalipa.*

"Vyote viwili?" akauliza.

Mtaalamu akacheka, akaandika: *Kwani una sikio moja?*

Siku ya kuvaa vifaa, mumewe alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Mtaalamu akamwekea kimoja, kisha cha pili, akaviwasha. Mama Laini akaruka kitini. Feni ilikuwa inavuma! Karatasi zilikuwa zinachakacha! Akapiga hatua mbili, akasimama. "Hivi viatu vyangu vinalia hivi siku zote?"

Pale mlangoni mzee akajisemea chini chini, kama alivyozoea kwa miaka sita ya uziwi wa mkewe, "Ole wangu, sasa nitamteta vipi?"

"Nimesikia!"

Kofia ikamdondoka. Mtaalamu alijishika mbavu, na Mama Laini akacheka mpaka machozi yakamtiririka. Kisha akaenda kuketi karibu na mumewe.

"Sema tena kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Ila usipige kelele."

Mzee akamtazama mtaalamu, akaona haya kidogo. Akainama, akamwambia mkewe kwa ile sauti ya chini ambayo hakuwa ameitumia kwake siku nyingi, kwamba leo amependeza.

Mama Laini akasimama, akamshika mkono.

"Na wewe jina lako limo kwenye kadi. Twende ukapimwe presha."