Koili na Mchanga wa Mtoni

Jikoni kwangu kuna sufuria ya mchanga nisiyokaangia kitu. Wageni wakiona huniuliza kama nauza njugu. Siuzi. Mchanga huo ni wa mume wangu, na sufuria pia aliniharibia yeye.

Alikuwa mtu wa bara, aliyekuja Diani kutengeneza redio na televisheni za hoteli moja. Mwishoni mwa miaka ya tisini wageni wakaadimika, hoteli ikafungwa, naye akarudi nyumbani kwetu Msambweni na boksi la vifaa na koili ya umeme waliyokuwa wakipashia kahawa huko hotelini. Tajiri mmoja wa mashua za kupeleka watu kuzamia alimletea woki-toki, zile redio za mkononi za kuitana, zilizoingia maji ya bahari. Akizifufua, kazi zote za mashua zingekuwa zake. Zikimshinda, angekwenda Nairobi kutafuta riziki. Mimi sikutaka aende popote. Nilikuwa nimemzoea, nampenda, na kitanda cha peke yangu nilikuwa nakijua ubaridi wake.

Vifaa vya ndani ya redio hizo vilikuwa vidogo kama punje za ufuta, havishikiki kwa pasi ya kuchomelea. Aliondoa vilivyoliwa na chumvi, akapaka risasi laini ya kuungia, iliyo mfano wa dawa ya meno, kisha akapanga vipya juu yake kwa kibano changu cha nyusi. Bodi nzima, kile kibao kinachobeba vifaa, ikawekwa juu ya koili, ili risasi yote iyeyuke kwa pamoja. Ya kwanza ikaungua katikati na pembeni ikabaki mbichi.

"Bwana wee," nilimwambia, "hata njugu hatuzikaangi hivyo. Sisi twatia mchanga sufuriani, moto uenee."

Aliniangalia kama niliyemfunulia siri ya serikali. Kesho yake akatoka Diani na mfuko wa mchanga mweupe wa ufukweni, msafi, wa kupendeza. Bodi iliiva vizuri. Redio ikasema siku chache, kisha ikanyamaza. Alipoifungua, ilikuwa imeota kutu ya kijani.

"Umetia mchanga wa bahari!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Ule una chumvi, bwana. Watu hukaangia wa mtoni."

"Sasa si ungeniambia mapema?"

"Na nani asiyejua hilo?"

Yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kuulizia nauli ya Nairobi, nami kicheko kikanikauka. Nilikwenda kwa mama nikauchota mchanga wake wa mtoni, nikauchekecha, nikauosha, nikauanika.

Tulifunga madirisha, maana upepo ungepoza upande mmoja. Tuliinama juu ya sufuria, mabega yakigusana, hakuna anayethubutu kupumua. Risasi ilikaa na rangi yake ya majivu, ikakaa, kisha ghafla ikang'aa yote, na vile vipunje vilivyokaa upande vikajivuta vyenyewe mahali pake.

"Cheki vile zinajipanga!"

"Kila kimoja chajua kwao," nilimjibu, na moyoni nikaomba: Yarabi, zifanye kazi, mtu wangu abaki.

Dua yangu ilipokewa. Zote zilisema. Tajiri alizijaribu uani kwetu, akicheka peke yake. "Fundi, mkono wako ni mali," akasema. "Hapa unapotea bure. Nina ndugu yangu Arabuni, huko Maskati, anatafuta mtu kama wewe."

Watu husema asiyekujua hakuthamini. Mimi niliumizwa na aliyemjua fundi wangu. Mume wangu alinitazama, macho yakimng'aa, nikaona ameshakwenda hata kabla hajaniuliza. Ningesema nini? Nilisema heri.

Alirudi likizo mara mbili tatu. Kisha barua zikapungua, kisha zikakoma, na waliotoka huko hunipa kila mmoja habari yake. Likizo hizo sizikumbuki vizuri. Ninayoikumbuka ni asubuhi ile ya kwanza, tajiri alipokuja kumchukua kwa pikapu yake. Alikuwa amempa mume wangu woki-toki mbili za zawadi. Moja mume wangu aliiacha mkononi mwangu, nyingine akapanda nayo.

"Unanipata?" aliniuliza kabla gari halijafika barabara kuu.

"Nakupata."

Tuliongea hivyo mambo ya kipuuzi, ameona mbuzi barabarani, amesahau kitana. Nilizunguka uani, nikapanda juu ya kinu, nikainyanyua redio juu ya kichwa. Sauti ilianza kukatika kabla hawajafika kijiji cha Gazi.

"Ule mchanga," alisema, "usiumwage. Nitarudi niutumie."

Nilibonyeza nikamwambia sitaumwaga. Nikarudia, kwa sauti kubwa, mpaka jirani akachungulia. Sijui kama alinisikia.