Injini Iliyopoozwa kwa Oksijeni

Dada na mdogo wake wa kiume walifanya kazi karakana moja ya injini za roketi. Dada alikuwa mkubwa nyumbani na mkubwa kazini. Kwenye mambo ya upoozaji, yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Moto wa injini ungeyeyusha ukuta wa shaba mara moja, kwa hiyo mafuta ya taa yalipitishwa kwanza kwenye vijia vyembamba ndani ya ukuta huo, yaupooze, ndipo yaende kuungua.

Siku moja kikaoni, mdogo mtu akasimama. "Mafuta yanaacha ukoko vijiani. Tupitishe oksijeni ya kimiminika badala yake. Tunayo nyingi, na baridi yake barafu haioni ndani."

"Ukuta ukipata ufa?" dada aliuliza.

"Itavujia chumba cha moto, mle mle ambamo oksijeni imo tayari. Tujaribu tu."

Dada alijua oksijeni hufanya hata chuma kiwake kama karatasi. Angesema hivyo, yakaisha. Yeye akasema, "Jamani, mwenzetu anataka kuzima moto kwa petroli."

Watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo mdogo mtu akaitwa Petroli, mpaka na walinzi wa getini. Alivumilia weee, mwishowe akaacha kazi, akaenda kufundisha fizikia sekondari.

Miaka ikapita. Injini mpya zilikuwa na joto kali zaidi. Ukoko ukaziba vijia, kuta zikatoboka moja baada ya nyingine. Dada alipoishiwa mbinu, akaagiza oksijeni ipitishwe, tena ukuta uchanjwe makusudi ili ivuje. Wakajikinga nyuma ya zege, wakawasha. Injini ikanguruma mpaka mwisho. Walipoifungua, shaba kandokando ya michanjo ilikuwa nzima.

Wenzake wakakumbatiana. Yeye akatoka uani kumpigia simu mdogo wake.

"Tumeijaribu ile yako. Imekubali."

"Nashukuru kusikia, dada. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Rudi kazini, nafasi yako ipo."

"Mikono imeshazoea chaki."

"Nisamehe kwa lile neno."

"Nilishakusamehe zamani. Wale wengine kucheka hakukuniuma. Ila na wewe ulicheka."

Kengele ya shule ikalia. Akaaga kwa adabu, kama anayeongea na mgeni.

Dada akabaki na simu mkononi. Ndani walikuwa wakimwita aje wapige picha na injini. Akawaambia wapige tu.