Poka ya Kukomboa Sauti

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe ya ndizi. Wenzangu wenye visa vya namna hii husimulia mambo ya usiku wa manane. Changu kilitokea alasiri, watu wakiwa wanamenya ndizi za chakula cha jioni. Sasa nifanyeje? Ndivyo kilivyotokea.

Poka niliijulia jeshini, wakati wa vita, huko Burma. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa karata. Kila mtu anapewa tano, anaruhusiwa kubadilisha mara moja zile asizozitaka, kisha mnapandishiana dau mpaka mmoja aogope na kujitoa. Akijitoa amepoteza, hata kama karata zake zilikuwa nzuri kuliko zako. Kwa hiyo nusu ya mchezo iko usoni. Uso wangu mimi ulikuwa hodari, wenzangu kambini walikoma. Niliporudi nyumbani Kaisho nikaoa, na mke wangu akasema hataki kuona karata chini ya paa lake. Nikaziacha. Miaka ikapita sijagusa hata moja.

Mdogo wangu Byarugaba alikuwa anachimba bati kule machimboni Kyerwa, na huko nako vijana walicheza. Kijana yule alikuwa mwimbaji. Jumapili asipokuja kanisani, nyimbo zilipwaya. Basi siku moja akarudi nyumbani hana sauti. Sisemi koo lilimkauka. Alifungua kinywa, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakikusikika hata kikohozi. Mama akamchemshia majani ya kila aina. Mganga wa zahanati akamchungulia kooni, akasema pazima kabisa. Alikuwa na mchumba Kihanga, na wazee wa huko wakaanza kunong'ona kwamba hawawezi kumwoza binti yao kwa bubu. Mama akaacha kula.

Ndipo Byarugaba aliponiketisha na kunieleza kwa mikono. Akagawa karata za hewani. Akachukua punje ya akamwani, hii kahawa yetu ya kutafuna, akaiweka katikati yetu na kuisukuma mbele, kama mtu anayeweka dau. Kisha akajigusa koo.

Nilipandwa na hasira kabla ya woga. Umeelewa alichofanya? Kwetu, mgeni akiingia anapewa akamwani kabla ya habari yoyote. Ukishaitafuna wewe ni mgeni wa nyumba ile, na mwenye nyumba hawezi kukudhuru. Sasa huyu bwana, kwa kukosa cha kuchezea, aliichukua punje aliyokaribishwa nayo, badala ya kuitia kinywani akaitia mchezoni. Ugeni wake ukaishia hapo, na mwenye nyumba akawa huru kumla sauti mchezoni. Nikamwambia anipeleke kwa huyo mwenyeji.

Tulishika njia ya kwenda Songambele, tukaiacha, tukapanda kilima. Huko kulikuwa na shamba la migomba mikubwa ambalo sikuwahi kuliona, na mimi nimezaliwa hapa. Byarugaba akasimama mpakani, akakataa kwenda mbele. Mvua ilikuwa imeanza. Inanyesha juu ya migomba ile, nami naiona, lakini hakuna jani lililotikisika wala tone lililotoa mlio. Niamini, kimya kile nilikisikia mpaka kwenye meno.

Ndani ya nyumba ya msonge alikaa mzee mrefu, amejifunga ngozi ya ng'ombe kama watu wa enzi za babu zetu. Alikuwa mzuri. Sijui nikwambieje. Magoti yalitaka kukunjika yenyewe, kama tunavyofanya kanisani, na sikuwa nimeambiwa yeye ni nani.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Ilikuwa sauti ya Byarugaba. Ile ile, na mkwaruzo wake mdogo mwishoni. Mtu anayeweza kumzaa babu yangu ananiamkia kwa sauti ya mdogo wangu, na mimi, kwa mazoea tu, nikaitika marahaba.

Akanisogezea kikapu cha akamwani. Nikachukua punje moja, nikaitia kinywani huku namtazama, nikaanza kutafuna. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani aliona kwamba huyu wa leo amefunzwa kwao.

"Umeifuata hii," akasema, akijigusa koo.

"Nimeifuata, mzee."

"Basi weka yako."

Nikaweka sauti yangu. Akagawa karata, na vidole vyangu vikazipokea kana kwamba havikupumzika hata siku moja. Nikazifungua kidogo. Takataka tupu. Hazikuwepo hata mbili za kufanana. Mtu mwenye busara angebadilisha nne na kumwomba Mungu. Mimi nikasema, "Sibadilishi."

Anayekataa kubadilisha anatangaza kwamba anazo zote tayari. Yule mzee akanitazama, akabadilisha zake mbili. Kisha akapandisha dau. Unajua alipandisha kwa kitu gani? Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke anayebembeleza mtoto. Halafu ya mzee. Halafu ya binti anayecheka. Alizitoa moja baada ya nyingine na kuziweka mbele yangu, nami nikaelewa kwamba kila moja ilikuwa na mwenyewe mahali fulani, kimya, watu wakimwita bubu.

"Na macho yangu," nikasema.

Nilisema hivyo kama mtu anayeomba chumvi. Ile kahawa ndiyo iliyoniokoa. Taya la mwongo hukakamaa, na langu lilikuwa na kazi ya kutafuna, polepole, bila kubadilisha mwendo. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe. Niliziamini zile takataka. Niliona ree nne, karata kubwa kuliko zote, mkononi mwangu, nikazionea fahari, nikamwonea huruma mzee wa watu kwa kupoteza. Hofu yote niliisukuma chini na kuifungia huko.

Alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile, na sidhani kama nitatazamwa tena mpaka siku ya kiama. Kisha akalaza karata zake, kifudifudi, akajitoa.

Akafungua kinywa kusema neno. Hakikutoka kitu. Na kutoka mpakani mwa shamba nikasikia, "Kaka, uko wapi?" Baada yake, ng'ambo ya mabonde, mbali kabisa, nikasikia watu wakiita, mmoja hapa, mwingine kule, kama wanaoamka. Nilisimama pale nikiustaajabia utukufu wa jambo lile. Nami sikuonyesha karata zangu. Anayejitoa hana haki ya kuziona.

Mzee akanisindikiza, kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni aliyetafuna kahawa yake. Alitembea nami mvuani mpaka mpakani, na ngozi yake haikulowa. Hapo akageuka akarudi.

Byarugaba alioa, na aliimba katika harusi yake mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Lakini mke wangu akaniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia sijanuna. Nikajitazama kwenye kioo, nikauona: ni uso ule ule wa kule msongeni, umetulia, hausemi kitu. Haujaondoka mpaka leo. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nililetewa nimpakate, na wakunga wakatazamana kwa jinsi nilivyokuwa mkavu. Ndani nilikuwa nachekelea. Nilijaribu kuupeleka uso wangu kwenye kicheko, ukakataa.

Nawe usidhani nalalamika. Ningeambiwa nirudi leo, ningerudi. Lakini nakuonya. Ukikaribishwa akamwani, tafuna, usiigeuze kitu kingine. Na wewe unayejisifu kwamba hakuna awezaye kukusoma, angalia sana unachokisukuma chini, kwa maana hicho hakiji ukikiita. Mama alipofariki nilisimama kaburini, macho makavu, na watu wakaanza kusemana kwamba mtoto mkubwa hana uchungu. Byarugaba aliacha kuimba, akaja akasimama mbele yangu, akawageukia.

"Kaka analia," akawaambia. "Mwacheni alie."