Okestra Ilipotoka Nje Dandora

Niliondoka Machakos Jumamosi asubuhi kwa sababu rafiki yangu Auma aliniomba jambo ambalo singeweza kumkatalia. Tulisoma muziki pamoja chuoni. Mimi nilirudi nyumbani kufundisha, yeye akaunda okestra ya vijana mtaani kwao Dandora, Nairobi. Mpigaji chelo wake alikuwa amejifungua juzi yake, na tamasha lilikuwa alasiri hiyo.

"Mwikali, njoo na chelo yako," aliniambia kwenye simu. "Tukishindwa leo, ukumbi umetutoka."

Chelo, kwa ambaye hajaiona, ni fidla kubwa unayoipiga umeketi, umeikumbatia kati ya magoti. Ndani ya basi niliipa kiti cha dirishani. Abiria wa nyuma akaniuliza kwa upole kama ninampeleka mgonjwa hospitali.

Nairobi, Auma alinipokea na pikapu ya kaka yake. Tulipita Pumwani, kisha Eastleigh, ambako tulisimama kwa muda mrefu tukisubiri marobota ya nguo yavushwe barabara, na hapo ndipo aliponieleza. Okestra yake ilikuwa ikialikwa kwenye hoteli za mjini na kupigiwa makofi. Dandora kwenyewe, hakuna aliyekuja kuisikiliza. Majirani waliuita muziki wake muziki wa matanga. Kamati ya mtaa ilitaka ukumbi uwe wa harusi na mikutano, na mwenyekiti wake, Mzee Wafula, karani mstaafu wa reli, alikuwa amewapa nafasi hii moja ya mwisho.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Naogopa vijana wangu wataamini kwamba muziki huu ni wa watu wengine."

Alasiri tulianza kupiga. Ukumbini walikuwemo wazazi wachache, na Mzee Wafula mstari wa mbele, funguo mkononi. Kabla hatujafika katikati ya kipande cha kwanza, watu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Kupitia dirishani niliwaona wanawake wakianua nguo na vijana wakicheza drafti, hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Vijana wa okestra nao waliona. Fidla zikaanza kufifia.

Auma akainua mkono, tukanyamaza.

"Bebeni viti," akasema. "Tunatoka nje."

Uwanjani alitupanga katika duara pana lenye mapengo makubwa kati yetu. Moshi wa jaa la taka ulikuwa umeinama upande wetu, ukiwasha macho. Auma akawageukia watu. "Msikae mbele yetu. Kaeni katikati yetu!"

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja, Mama Wanza, anayechambua plastiki pale jaani, akaja na mtungi mtupu, akaulaza kando yangu, akaukalia.

"Madam, hii kitu ndiyo ilikuwa inalia huko ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Ebu ipige nisikie."

Nilivuta sauti moja nzito, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya ubao wa chelo. Akashtuka.

"Woi! Inaingia mpaka kwa mifupa!" Akawageukia wenzake. "Nyinyi, kujeni hapa!"

Wakaja. Walileta ndoo, kreti za soda, viti vya jikoni. Kijana mmoja aliacha drafti akakaa karibu na tarumbeta. "Manze, hii ni noma," alisema kwa kusifu, na hatukuwa hata tumeanza.

Tulirudia kipande kile tangu mwanzo. Kilitungwa Ulaya zamani sana, na kina mahali pa polepole ambapo wasikilizaji hukohoa na kutazama saa. Siku hiyo, hakuna aliyekohoa. Mama Wanza alikuwa amefumba macho. Tulipomaliza, nikashusha upinde. Kisha kelele zikalipuka.

"Rudia! Rudia!"

Auma alitugeukia akilia na kucheka. Tulipopiga tena, watu walishaujua wimbo unakoelekea, na wanawake wakaanza kuuimba bila maneno, sauti zao zikazibeba fidla zetu. Sijawahi kupiga vizuri namna ile.

Mzee Wafula, aliyekuwa ametufuata nje na kiti chake, akasimama. "Nilikuja kufunga mlango," alisema. "Nani ananiunga mkono?"

"Hakuna!" uwanja mzima ukajibu.

Akatabasamu, akampa Auma funguo. "Basi mwanangu, kaa nazo."

Jumapili nilianza safari ya kurudi. Watu wa Dandora hawakuhitaji muziki upunguzwe makali ndipo waupende. Walihitaji kuketi mahali unapotokea. Hilo ndilo nililobeba kurudi nalo Machakos.

Mama Wanza alinisindikiza hadi kwenye pikapu. "Madam, mtu huanza kujifunza hii kitu akiwa na miaka mingapi?"

"Mjukuu wako ana mingapi?"

"Mjukuu gani?" akasema. "Ni mimi."

Jana Auma alinipigia simu. Mama Wanza anafanya mazoezi kwa chelo ya kuazima kila jioni akitoka jaani, na majirani wanakuja na viti vyao.