Ndoo ya Mlangoni pa Stoo

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Stoo, na hata meneja mpya, aliyekuja na tai yake na masharti yake, wiki haikuisha naye akawa anamwita hivyo hivyo. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwavisha watu wa tanuri la vigae, na kila kilichovaliwa humo kilipita mikononi mwake kwanza.

Mwanzoni hapakuwa na cha kuvisha. Wavutaji, yaani wale wanaotoa tanurini trei za chuma zenye vigae vya moto, walifunga kitambaa puani, wakavaa kandambili, na mikononi wakajizungushia vipande vya gunia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaza ndoo ya maji na kuiweka mlangoni pa stoo. Mvutaji alipita, akachovya mikono, akaikung'uta, akaenda zake. Gunia kavu lilishika moto, lakini lililolowa lilivumilia trei mbili tatu. Siku moja alichelewa kuijaza, mtu akaungua kiganja. Hakuchelewa tena.

Kisha vifaa vikaanza kuja, kimoja kimoja, kila baada ya miaka kadhaa. Zilipokuja buti zenye chuma kidoleni, watu walinung'unika kwamba ni nzito, ingawa bwana mmoja alizivaa kwenye harusi ya binamu yake na akacheza nazo mpaka asubuhi. Zilipokuja kofia ngumu, wakazitoboa kwa msumari wa moto eti kichwa kipate hewa. Mama Stoo aliwakusanya akawauliza kama hata miavuli yao huwa wanaitoboa. Ikaja miwani, zikaja barakoa, vikaja vizibo vya masikio ambavyo wanaume wazima walivipoteza kama watoto wanavyopoteza penseli.

Na mwishowe zikaja glavu: nene, ndefu mpaka kiwikoni, zina bitana laini ndani. Kwenye boksi palichorwa tone la maji limekatwa kwa mstari mwekundu. Mama Stoo aliitazama picha ile na kuelewa mara moja: zisifuliwe.

"Nikimkuta mtu anafua glavu," akawatangazia, "atanitambua."

Hawakufua. Ila kila asubuhi Mama Stoo aliijaza ndoo kama zamani, na kila mvutaji alipopita alichovya mikono, glavu na yote, akaenda. Mazoea yana taabu.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, aliungua shemeji yake. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mvutaji wa siku nyingi na mtani wake wa kila asubuhi. Trei ilimkwamia mlangoni pa tanuri, akaishikilia kuliko kawaida; kisha akaitupa chini, akaivua glavu ya kulia kwa meno, na ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe, imelegea. Daktari alisema vidole viwili huenda visinyooke tena.

"Hizi glavu ni za maonyesho," wenzake wakasema. "Turudishiwe magunia yetu." Meneja akaitisha kikao Ijumaa.

Alhamisi Mama Stoo aliichukua glavu ile akaigeuza. Nje haikuwa hata na alama ya moto. Ndani ilikuwa bado mbichi kwa maji. Moto gani huu, akajiuliza, unaoruka nje ukaunguza ndani? Akavaa glavu kavu, akashika ukingo wa trei iliyotoka tanurini muda si mrefu. Akahesabu mpaka kumi akiwa salama. Akaichovya nyingine ndooni, akashika. Kufika nne aliitupa huku akipuliza vidole, na mvuke ukimtoka kwenye kiwiko.

Gunia lilikuwa na matundu, mvuke ulipita. Glavu hii haikuwa na pa kupumulia, na maji yalichemka humo humo pamoja na mkono wa mtu. Tone lile la kwenye boksi lilikataza maji yote, si kufua tu. Mama Stoo alikaa juu ya boksi, akalia. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kuiondoa ndoo kimya kimya, lakini wangechovya bombani, au kesho wangerudi kwenye magunia, na mikono ingeendelea kuungua.

Ijumaa shemeji alisimama wa kwanza, mkono umefungwa bandeji.

"Meneja, mimi si mtu wa maneno mengi. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Shemeji, kaa kwanza," Mama Stoo akasema.

"Nimeungua mimi, nikae mimi?"

"Kaa. Aliyekuunguza ni mimi."

Akawaeleza yote: picha ya boksi, ndoo, trei, hesabu ya kumi na hesabu ya nne. Aliwaonyesha na malengelenge yake. Hakuacha neno.

"Umejua lini?" shemeji akauliza.

"Jana."

"Na mlangoni pale nilikuwa nachovya, wewe unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama, na hata nilikuhimiza. Nisamehe, shemeji."

Shemeji alitoka nje, na Mama Stoo alihisi ameondokewa na mume mara ya pili. Magunia hayakurudi. Ndoo iliondolewa siku hiyo hiyo.

Wiki tatu shemeji hakuonekana. Aliporudi, kwa kazi nyepesi ya kusukuma mlango wa tanuri kwa mkono mmoja, alisimama dirishani pa stoo bila utani wowote.

"Nipe ya kushoto," akasema.

Mama Stoo aliitoa rafuni. Kabla hajampa, aliingiza mkono wake mwenyewe ndani mpaka mwisho, akapapasa kidole kimoja kimoja, akautoa. "Kavu," akasema.

Shemeji aliipokea, akaivaa, akasogea kando. Lakini hakwenda. Alisimama pale akingoja, mpaka Mama Stoo alipoingiza mkono katika glavu ya mtu wa nyuma yake, na ya aliyefuata.

"Endelea, shemeji," akamwambia kutoka pale kando. "Wavutaji tuko ishirini na tatu."