Kicheko cha Chumba cha Pasi

Fundi makochi na mkewe walikuwa wameacha kugombana. Zamani waligombania kila kitu, hadi sauti ya redio. Kisha watoto wakaenda kuanza maisha yao, nyumba ikatulia, nao wakatulia nayo. "Umekula?" "Nimekula." Majirani waliwasifu. Fundi mwenyewe alihisi kama anaishi na mpangaji mwenye adabu.

Asubuhi moja mkewe alisahau miwani. Fundi akampelekea kazini, kwenye duka la dobi ambalo hakuwahi kulikanyaga. Mlangoni pa chumba cha pasi alisikia watu wakiangua kicheko, akachungulia. Katikati ya mvuke na mashuka, mkewe alikuwa amejifunga taulo kichwani, anatembea kwa madaha, akimwiga mteja anayenusa kila shati kabla ya kulipa. Wenzake walikuwa hoi, wameshika mbavu.

Mmoja akamwona. "Karibu, shemeji! Huyu wako atatuua!"

Mkewe akavua taulo upesi, akapokea miwani. "Asante," akasema, kwa sauti ile ile ya nyumbani.

Mchana kutwa fundi alipigilia misumari, mawazo yakiwa mbali. Yule mwanamke alikuwa amejificha wapi? Au yeye ndiye hakuwa anatazama?

Jioni alimkuta jikoni akimenya viazi. "Mama watoto, hebu nionyeshe yule mteja anavyonusa."

Mkewe akamkazia macho. "Unataka kunisema?"

"Nataka kucheka. Wenzako wanacheka kila siku, mimi nimekosa nini?"

Mkewe akaweka kiazi chini. Kisha akaokota kitambaa cha meza, akakinusa, pua juu. Fundi alicheka hadi akakohoa.

"Na mimi huwa unaniiga?"

"Wewe ndiye wanayempenda zaidi kule kazini." Akainama, akajifanya amebana misumari mdomoni, akakibembeleza kiti: "Tulia, mama, tulia."

"Mimi naongea na makochi?"

"Miaka yote. Nilikuwa nayaonea wivu."

Fundi hakucheka tena. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Tulikuwa tunagombana. Halafu tukawa hatuongei."

Tangu hapo wakawa wanaulizana, mengine ya kijinga kabisa: utotoni ulitaka kuwa nani, ukiwa peke yako unaimba nini. Hata ubishi ukarudi kidogo. Jumamosi mkewe akaja karakana, akataka kujua sponji inakatwaje. Fundi akamwonyesha, akampa kisu. Mkewe akakata upogo.

"Nani kakufundisha kukata hivi?"

"Wewe, sasa hivi."