Picha Nne Zilizobaki

Kwa miaka kumi na tisa Tshilombo alimalizia Jumapili zake kando ya Ziwa Nzilo. Baada ya misa alipita mitaa ya Dilala kwa miguu, kamera kifuani, akibisha kwa waliobatizisha au kuozesha, kisha akapanda baiskeli hadi ziwani, ambako wanakwaya na wachumba walimngoja kwenye mawe. Alipenda maji yawe nyuma yao. Maji, alisema, humfanya hata maskini aonekane amesafiri.

Alizaliwa Kolwezi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na hilo lilitosha. Mwaka 1993 vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwaita watu kama yeye bilulu, wadudu, na kuwafukuza. Waliofukuzwa walijaa stesheni, wakalala juu ya mizigo wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Ndaya, mama mmoja wa Dilala, alikuwa huko stesheni. Binti yake, Kanku, alikufa kwa surua majuma mawili kabla, na Tshilombo alimpiga picha msibani, amelazwa katika gauni jeupe, kama ilivyo desturi. Picha nyingine hazikuwepo tena. Nyumba ilipoporwa, albamu ilikwenda pamoja na viti.

"Tata Tshilombo, picha ya mutoto wangu?"

"Filimu haiyaisha, mama. Inabakia picha ine."

"Treni inakuya Alhamisi. Kule nkambo yake, mama yangu, ataniuliza, mi nitamuonyesha nini? Nitabeba kaburi?"

"Leo itaisha. Kesho napeleka ku labo kuisafisha, siku ya tatu uko nayo."

Angeweza kuupiga picha ukuta wa stesheni mara nne, akamaliza. Lakini aliyemfundisha kazi alimkataza kupeleka filimu isiyojaa, na kumkataza zaidi kuijaza kwa upuuzi. Wale waliolala juu ya mizigo aliona aibu kuwapiga. Tena naye alikuwa anaondoka. Alitaka ziwa.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Alitembea polepole, akapiga mawe yasiyo na wachumba, akapiga matete, akapiga maji matupu. Alikuwa akitafuta mahali pa picha ya nne vijana watatu walipotokea njiani na vitambaa vyekundu kichwani.

"Kilulu iko inapiga barrage," mmoja akasema. "Anaenda kuiuzisha."

Bwawa la umeme lilikuwa mbali, halikuonekana hata kidogo. Lakini Tshilombo alimtambua aliyeongoza: Mbayo, mtoto wa jirani.

"Mbayo, ni mimi. Nilikupiga picha ya komunyo, hapa hapa."

"Ndiyo. Na ulinichelewesha mwezi muzima."

Wenzake wakacheka.

"Munipige mimi. Kamera musifungue. Mutoto wa watu iko mule, amekufa."

"Alipitia wapi?" akauliza mwingine, akiigeuza kamera. "Kamlango kenyewe kadogo."

Mbayo akaifungua. Akaivuta filimu yote nje, taratibu, akainyoosha juani mikono ikiwa wazi, akaitazama, asione kitu. Akaitupa kwenye matete. Kamera akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Stesheni, Tshilombo alimweleza Ndaya yote, amesimama. Ndaya hakulia.

"Basi niambie," akasema. "Weye ulimuangalia mu kamera. Mi nilikuwa nalia, sikumuona muzuri. Alikuwa namna gani?"

Tshilombo akaanza. Gauni. Dirisha la kushoto. Alivyoomba pazia lisogezwe kidogo ili shavu lipate nuru. Kivuli cha shangazi, alivyokiondoa kitandani. Akautafuta uso akilini, akautafuta tena, asiupate.

"Niliangalia mwanga, mama," akasema.

Ndaya alivuta kifurushi chake, akakaa akimpa mgongo. Treni ilikuja Jumamosi. Walipanda behewa moja, wakasafiri siku tisa, na hakumwuliza tena.